Ngolo Nyuma ya Nyumba ya Samaki

Mwalimu Nicholaus Kapinga alikuwa amekaa na neno kooni siku nne nzima. Siku ya tano, Jumatatu ya Pasaka, akalipakia neno hilo kwenye gari la kuazima pamoja na mama yake, mkewe, binti zake wawili, chupa ya chai na ndoo ya viazi vitamu, akashika barabara ya kwenda Mbamba Bay, ziwani. Neno lenyewe lilikuwa fupi: mama, hama Mkumbi, uje ukae nasi Mbinga mjini. Chumba kilishapakwa rangi. Shamba lilishapata mtu wa kulikodi, jirani mmoja anayeitwa Placidi, ambaye alikuwa anasubiri kupigiwa simu kesho yake. Kila kitu kilikuwa tayari, ila mwenye shamba hakuwa ameambiwa.

Msimwone Nicholaus mtu mbaya. Mama yake, Restituta, ana miaka sitini na saba, ni mjane, na anaishi peke yake kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupanda kwa kufikiri. Mwaka jana mwezi wa tatu aliteleza shambani akavunjika mkono, akalala palepale tangu saa nne asubuhi mpaka jioni, watoto wa shule walipopita wakasikia mtu anaimba nyimbo za kanisani ndani ya mashimo. Alikuwa anaimba ili asikike. Kulia, alisema baadaye, kungemchosha bure. Mkono ulipona, mwanawe ndiye hakupona. Mwaka huu alimkataza jembe kabisa, na wakati majirani wote wa Mkumbi wamekwisha kuchimba ngolo na maharage yameanza kuota, shamba la Restituta lilikuwa limesimama na nyasi zake. Yeye akakaa barazani kuwatazama wenzake wakilima, na mwanawe akadhani amemtendea wema.

Ngolo, kwa asiyezifahamu, ndizo zilizowaweka Wamatengo mlimani miaka yote hii bila udongo kuwakimbia. Nyasi hukatwa na kutandazwa mistari ya kukatana, mteremko mzima ukagawika miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufukiwa juu ya nyasi, yakabaki mashimo yenye kingo nene. Maharage hupandwa juu ya kingo, na mvua ikinyesha maji hutulia mashimoni. Mwanamume hukata na kutandaza, mwanamke huchimba na kufukia. Nicholaus anayajua hayo vizuri mno, maana anafundisha jiografia, na kila mwaka huwachorea kidato cha pili ngolo ubaoni kwa chaki za rangi tatu. Anachora vizuri, huo ndio ukweli. Ila mara ya mwisho kushika nyasi zenyewe ilikuwa lini, hata yeye angeulizwa angeanza kukohoa.

Njiani Restituta aliketi mbele, mkoba mapajani, akawasimulia wajukuu. Alipokuwa na umri wa Devotha, yaani miaka kumi na sita, alikwenda ziwani na wenzake kwa miguu siku mbili, maharage kichwani, wakayabadilisha kwa usipa mkavu, vile visamaki vidogo vya ziwani, wakarudi siku mbili nyingine kwa kupanda. Alikwenda hivyo mara saba. Mara ya saba alimkuta kijana mmoja wa Litumbandyosi, jina lake Ildefonsi, anapanda mlima na mzigo mdogo kuliko wake, akamcheka. Ndiye aliyemwoa.

"Alikuoa kwa sababu ulimcheka?" Ida, mwenye miaka tisa, akauliza.

"Alinioa ili nimbebee mzigo," Restituta akajibu. Vitalia, mke wa Nicholaus, akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Nicholaus alikuwa amepanga siku yake kama anavyopanga kipindi. Kwanza wangeingia kwenye nyumba ya samaki, ambayo watu wengi Mbinga walikuwa wanaisifia. Kisha ufukweni, waoge, wale samaki wa kuchoma. Na hapo, mama yake akiwa ameshiba na moyo wake umetulia, angelitoa lile neno taratibu.

Nyumba ya samaki ilikuwa ghala la zamani, chini ya kilima, hatua chache kutoka majini. Mwenyewe alikuwa Masoudi, mtu wa maneno mengi na tumbo la kiasi, ambaye babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani na hakurudi tena. Masoudi aliuza duka la urithi akanunua vioo. Aliviunganisha mwenyewe kwa gundi, tangi la kwanza likapasuka, la pili likavuja, la tatu likashika, na sasa alikuwa na kumi na moja, pamoja na visima viwili vya saruji vilivyochimbwa sakafuni kwa ajili ya samaki wakubwa.

"Shikamoo, mama," akamwamkia Restituta mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri, mama. Karibuni, watu wa milimani. Msiogope, maji yote yamefungiwa."

Restituta akaingia, akasimama. Mbele yake mbuna, samaki wadogo wa mawe ya ziwani, wa bluu, wa njano, wenye milia kama pundamilia, walikuwa wanazunguka mawe katika mwanga. Devotha alitoa simu akaanza kupiga picha. Ida alibandika pua kwenye kioo. Restituta alitazama, mikono nyuma, kama anayekagua shamba la mtu.

"Wanaliwa?" akauliza.

"Hawa hapana, mama. Ni wa kutazama tu."

"Na wao wanatutazama sisi," akasema. "Huyu hapa haniachi."

Kwenye tangi la nne aliinama. Kulikuwa na samaki mmoja wa njano amejitenga nyuma ya jiwe, koo limemvimba, na chakula alichonyunyiza Masoudi kilimpita mbele ya uso asikiguse. Restituta akasema huyu mgonjwa, mtoeni mapema asije akawaambukiza wenzake. Masoudi akafurahi, maana hapo ndipo alipopenda wageni wafike. Akaeleza kwamba mama huyo ana watoto mdomoni. Mbuna akitaga huyaokota mayai kwa kinywa, na vifaranga vikianguliwa hukaa humo humo mpaka viweze kujitegemea. Wiki tatu hali kitu.

"Wiki tatu," Restituta akarudia. "Na baba yao?"

"Baba yao ndiye yule mwenye rangi nyingi. Anazunguka."

Vitalia akamtazama mumewe, mumewe akatazama dari.

Basi ikawa hivyo, wakafika kwenye visima vya sakafuni, wakavikuta vitupu. Masoudi akapunguza sauti. Mwezi wa pili, alisema, mvua moja tu ya alasiri iliteremsha tope kutoka kilimani, likapita chini ya mlango wa nyuma, likajaza visima vyote viwili. Alipoteza samaki wote wakubwa. Akawaonyesha alama ya tope ukutani, imefika nusu ya muundi. Kama mvua za mwisho zingeleta tope jingine la namna ile, lingefika kwenye pampu, na pampu ikizimika matangi yote kumi na moja yangekufa usiku mmoja. Alikuwa ameweka magunia ya mchanga mlangoni. Alipoyasema hayo utani wote ulimtoka, akaonekana mtu aliyeuza duka la babu yake.

Restituta akauliza msalani ni wapi, akaonyeshwa mlango wa nyuma, akatoka. Dakika kumi zikapita, ishirini zikapita. Nicholaus akamwona mawazoni mama yake amelala chini mahali, anaimba. Akatoka mbio.

Hakuwa amelala. Alikuwa amesimama katikati ya mteremko wa nyuma, viatu vya Pasaka mkononi, kitenge amekikaza, anautazama udongo kwa hasira kabisa.

"Nani aliyefyeka hapa?" akamuuliza Masoudi aliyekuwa anamfuata Nicholaus.

"Mimi, mama. Nyoka."

"Ukaogopa nyoka, ukaufungulia mlango mlima." Akatikisa kichwa. "Una jembe?"

"Mama," Nicholaus akasema, "leo ni sikukuu. Tumekuja kupumzika."

"Pumzika, mwanangu. Nani amekukataza?"

Hapo mwalimu alijaribu kila alichonacho. Alitaja mkono wake. Alimkumbusha maneno ya daktari. Akasema watoto wanataka kuoga, akasema jua ni kali, hata akasema udongo wa ziwani si kama wa Mkumbi, ngolo hazishiki, jambo ambalo alilitunga palepale. Mama yake hakubishana. Alipokea mundu kutoka kwa Masoudi, akapanda hadi pembeni ambako nyasi zilikuwa bado ndefu, akaanza kukata.

Jamani, kumwona Restituta akikata nyasi ni jambo la kulipia kiingilio kuliko hao samaki. Hana haraka. Anashika fungu, anakata, analaza, na fungu linalofuata linakuwa limeshafika mkononi mwake. Kabla Masoudi hajarudi na majembe, mistari miwili ilikuwa imelala kukingama mteremko, imenyooka, na alikuwa anaikata kwa mingine ya kushuka. Hakupima kwa kamba. Alipima kwa hatua zake, na kila mraba ulitoka sawa na mwenzake.

Masoudi alisimama akishangaa. "Mama, mimi nilisikia kwamba kwenu nyasi hutandazwa na wanaume."

"Ndivyo ilivyo."

"Sasa mbona unajua hivi?"

"Mume wangu alifariki, mwaka wa sita huu," Restituta akasema bila kuinua kichwa. "Nyasi hazijitandazi."

Hakuyasema kwa kumlenga mtu. Lakini Nicholaus, aliyekuwa hatua nne kutoka hapo, aliyasikia vizuri. Miaka sita. Kila mwezi wa nne, kabla ya mkono kuvunjika, alikuwa anakwenda Mkumbi kusalimia, anakuta ngolo zimekaa, maharage yamechipua juu ya kingo, anapiga picha ya kuwaonyesha wanafunzi. Hata siku moja hakujiuliza nani amekata na nani ametandaza.

Akavua shati, akaomba mundu. Mama yake akampa, yeye mwenyewe akachukua jembe. Vitalia, mzaliwa wa Mkumbi hiyo hiyo, akavua viatu akaungana naye, na Devotha, baada ya kununa kidogo kwa ajili ya ufukwe, akaona bibi yake anachimba haraka kuliko mama yake, akaona aibu, akashika jembe la tatu. Ida alipewa kazi ya kukanyaga kingo. Restituta alimfundisha Devotha namna ya kuuvuta udongo badala ya kuutupa, akamsogeza kiwiko, akamsogeza mguu, kama alivyowafundisha mabibi harusi wa Mkumbi miaka arobaini, maana pale kijijini msichana akiolewa na hajui kuchimba hupelekwa kwa Restituta, naye humrudisha anajua.

Nicholaus alitandaza mistari yake akiwa na uhakika, kama ile ya ubaoni. Mama yake akaja akaitazama.

"Hii ni nini?"

"Ngolo, mama."

"Kona hazikufunga." Akaelekeza kwa kidole cha mguu. "Maji yatatokea hapa, yataingia shimo la chini, nalo litapasuka, na la chini yake nalo litapasuka. Unawafundisha hivi watoto wa watu?"

Masoudi akageuka kando asionekane anacheka. Nicholaus akarudia. Akarudia tena. Mara ya tatu mama yake alipita bila kusema kitu na kuanza kufukia, na mwalimu wa jiografia, mtu wa miaka arobaini na miwili mwenye shahada, alifurahi kama mtoto aliyepata tiki ya kwanza.

Saa nane mashimo kumi na manne yalikuwa yamekaa nyuma ya nyumba. Walishuka ufukweni wote wana tope mpaka magotini. Wasichana wakajitupa majini na nguo zao. Restituta akaingia taratibu, kitenge kimepandishwa, mpaka maji yalipomfika magotini, akanawa mikono, akanawa uso, akabaki amesimama hapo anatazama upande wa pili kusiko na mwisho. Nicholaus alimtazama kutoka mchangani. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Alikuwa hajamwona hivyo tangu walipomnyang'anya jembe.

Sumaiya, mke wa Masoudi, akawaletea ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma, akakataa katakata kulipwa. Walikula kwa mikono, kama watu waliofanya kazi. Nicholaus peke yake alikuwa anamega tonge, analiviringisha, analirudisha.

"Niko," mama yake akasema, akimwita kwa jina la utotoni. "Hujala tangu asubuhi. Umekuwa kama yule samaki wa njano. Tema."

Akatema. Alilisema lote, si kwa mpangilio aliouandaa, bali ovyo ovyo, chumba kwanza, halafu Placidi, halafu rangi ya chumba, halafu Placidi tena. Alisema kwamba usiku simu ikilia anadhani ni habari ya mama yake. Alisema anaogopa. Hilo hakuwa amelipanga kabisa. Vitalia alitazama chini. Restituta alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akasema, "Nimekusikia," basi.

Kabla hajaongeza neno, upepo uligeuka, na kutoka juu ya kilima mvua ikaja kwa kishindo. Walibeba sahani wakakimbilia kwenye nyumba ya samaki. Masoudi alikuwa tayari kwenye mlango wa nyuma, ameshika gunia la mchanga kifuani, macho yamemtoka, midomo inasoma dua. Wote wakasongamana hapo kutazama.

Maji yaliteremka mekundu. Yakafika mstari wa kwanza, yakaingia mashimoni, yakatulia. Mstari wa kwanza ulipojaa yakamwagika pole pole juu ya kingo kwenda wa pili, yakatulia tena. Shimo moja upande wa kushoto, lile ambalo kona yake Nicholaus aliifunga mara ya tatu, lilijaa hadi ukingoni, na mwalimu alijikuta ameshika mkono wa mkewe kwa nguvu. Likashika. Mvua ilipiga kwa muda wa nusu saa hivi, ikachoka. Mlangoni palikuwa na maji kidogo tu ya kulowesha kandambili, tena safi. Masoudi aliliweka gunia chini, akakaa juu yake, akafunika uso kwa viganja viwili.

Restituta hakuwatazama wala hakutazama mashimo. Alikuwa ameegemea ukuta, anaukanda ule mkono uliovunjika.

"Niko," akasema kwa sauti ya chini. "Mwaka jana nilipoanguka uliniuliza nilianguka saa ngapi, nilianguka wapi, nilivaa viatu gani. Daktari naye akauliza. Padri akauliza. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nimebeba nini."

Nicholaus akamgeukia. "Ulikuwa umebeba nini, mama?"

"Nyasi. Mzigo wa nyasi, nateremka nao kwenda kutandaza. Nimechimba ngolo miaka hamsini sijaanguka na jembe hata siku moja. Siku nikianguka na jembe, nitakuja mwenyewe kwenye chumba chako, na rangi yake hiyo."

Nicholaus alitoka nje kwenye manyunyu, akasimama kando ya mashimo yaliyojaa, akampigia Placidi. Alimwomba radhi kwa kumsumbua sikukuu, akamwambia shamba halikodishwi. Placidi akauliza kwani nani atalilima. Nicholaus akafuta macho kwa mkono wenye tope, akasema, "Mwenyewe," na alipoona haitoshi, akaongeza, "na mimi."

Jumamosi iliyofuata alifika Mkumbi kabla jua halijachomoza. Hakupita nyumbani. Alipanda moja kwa moja shambani akaanza kukata kuanzia juu, viganja vikamtoka malengelenge kabla ya saa moja. Nyasi zilikuwa ndefu na nzito kwa umande, na kwa mara ya kwanza aliupima mzigo wa nyasi mbichi begani kwenye mteremko ule. Akalazimika kukaa chini kidogo.

Restituta alimkuta ameshamaliza mistari mitatu. Alitembea kando yake yote, akainama kwenye kila kona, akaikandamiza kwa mguu. Majirani waliokuwa wanapalilia maharage yao ng'ambo walisimama kutazama. Kisha Restituta akashusha jembe begani, akaingia kwenye mraba wa kwanza, akaanza kufukia.